Mrejesho: mdogo wangu wa chuo na pombe
Ndugu zangu, mwezi Machi niliomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa mwaka wa pili chuoni, ambaye fedha zake za kujikimu, yaani bumu, zilikuwa zikiishia baa ndani ya wiki mbili. Nawashukuru nyote, hasa aliyenionya kwamba mnywaji wa kila siku akiacha pombe ghafla anaweza kutetemeka hata kupata degedege. Tulianzia hospitali, akapewa dawa za kumtuliza pamoja na vitamini B1. Ushauri wa kumshikia fedha haukufaa, kwani alianza kukopa kwa wenzake. Kuhama geto alilopanga na wanywaji wenzake ndiko kulikosaidia zaidi. Ameteleza mara moja, baada ya mitihani, lakini alinipigia simu mwenyewe usiku uleule, na Jumatatu akarudi kwa mshauri nasaha.