Mrejesho: kutenganisha GFP na YFP kwenye picha za kiinitete cha samaki

Wakuu, niliuliza namna ya kutenganisha mng'ao wa GFP na YFP (protini zinazong'aa kijani na njano) kwenye picha za hadubini za kiinitete cha samaki aina ya zebrafish. Kila pikseli ina chaneli 32 za spektra, yaani mwanga wake umegawanywa kwa urefu wa mawimbi mara 32, na kompyuta ilikuwa inakesha ikikokotoa pikseli mojamoja. Njia ya fasori mliyonielekeza, ile ya Fereidouni na wenzake ya mwaka 2012, imekubali. Sasa majibu yanatoka papo hapo.

GFP hung'aa zaidi kwenye nanomita 509 hivi, YFP kwenye 527, kwa hiyo spektra za protini hizo mbili zinalaliana sana. Fasori haihangaiki na hilo. Inazidisha spektra ya pikseli kwa kosaini na saini (cos na sin za hisabati), inajumlisha, kisha inagawanya kwa jumla ya mwanga. Chaneli zote 32 zinakuwa namba mbili tu, yaani nukta moja kwenye grafu. Pikseli hafifu na pikseli kali zenye rangi moja huangukia sehemu ileile. Penye mchanganyiko, nukta inakaa kwenye mstari kati ya rangi mbili safi, na umbali wake ndio uwiano.

Uzuri mwingine: kiini cha yai, ambacho hung'aa chenyewe na kunivurugia kila kitu, kimejitenga kama kundi la tatu la nukta kwenye grafu. Nikizungushia kundi hilo kwa kipanya, kiini peke yake kinawaka kwenye picha.

Aliyeshauri nianze na samaki wenye rangi moja moja ili nipate zile nukta safi, ubarikiwe sana.