Mjadala: Ulinzi shirikishi unapunguza uhalifu kweli, au tunachangishwa tu?

Mleta mada:
Wakuu, kuna utafiti ulitoka 2021 kwenye jarida la Science. Ulifanyika nchi sita: Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na Uganda. Baadhi ya maeneo yalipelekewa polisi jamii, yaani mikutano na wananchi, doria za miguu, njia za kutoa taarifa. Mengine yakaachwa yalivyo. Mwisho wa siku uhalifu haukupungua na imani kwa polisi haikupanda. Askari wanahamishwa kabla hawajaufahamu mtaa, vitendea kazi hakuna, wakubwa hawaupi mpango uzito. Sisi Tanzania tunayo polisi jamii tangu enzi za IGP Mwema, mkuu wa polisi wa wakati ule, na magenge ya vijana ya Panya Road yalitusumbua 2015 yakarudi 2022. Imetusaidia nini? Tena kwetu vijana wa ulinzi shirikishi, wanaoshika filimbi usiku kwa michango yetu, ni walewale vibaka tunaowakwepa mchana.

Mlinda Lindo:
Hiyo sentensi ya mwisho ifute. Mimi nashika filimbi. Tunatoka wewe unapozima taa, tochi moja watu wanne, betri tunanunua wenyewe. Mvua ikinyesha tunajibana kwenye kibanda cha chipsi mpaka ikate. Mwenzetu alikatwa panga mkononi akimfukuza kibaka, hospitali tukamchangia sisi sisi. Leo unatuita vibaka?

Mama Wawili:
Pole mwanangu, lakini mleta mada hajasema uongo. Nilivunjiwa, mtungi wa gesi ukabebwa. Asubuhi vijana wa ulinzi wakaja kuniambia wanajua ulipo, niwape ya soda waufuatilie. Walijuaje?

Mlinda Lindo:
Mama, kujua anayeiba si kuiba. Mtaa mzima unamjua. Tukimkamata tunampeleka kituoni, kesho yuko kijiweni anatucheka.

Mtu wa Sheria:
Hapa tuwekane sawa. Mtuhumiwa wa wizi wa mtungi ana haki ya dhamana, haina maana polisi wamekula rushwa. Isiyo na dhamana ni unyang'anyi wa kutumia silaha na makosa mengine machache. Na kesi inafutwa kwa sababu nyinyi mliomkamata hamwendi mahakamani kutoa ushahidi.

Kijana wa Kijiwe:
Mtu wa sheria unaishi ghorofani wewe. Nani atoe ushahidi? Jirani yetu alikwenda kituoni kimyakimya kutaja nyumba inayouza bangi. Hata jioni haijafika, mwenye nyumba kasimama mlangoni kwake anamuuliza, "Umenipeleka polisi?" Alijua mpaka nguo aliyovaa alipokuwa kaunta. Yule mama alihama. Tangu hapo hakuna anayetaja mtu. Mwite mnoko, mwite nani, hatataja.

Msukuma Halisi:
Ndiyo maana nasema turudishe sungusungu wenyewe, ulinzi wa jadi wa wanakijiji. Miaka ya 1980 Shinyanga na Tabora wizi wa ng'ombe ulikuwa umeshindikana, silaha za vita vya Kagera zimezagaa. Wananchi wakajipanga wenyewe, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, sheria ikaja baadaye. Hakuna aliyesubiri mkaguzi wa polisi wa kata.

Mama Wawili:
Na waliochapwa viboko bila kosa? Na vikongwe waliofukuzwa vijijini wakiitwa wachawi? Hilo hulisemi.

Msukuma Halisi:
Mama usituchanganyie habari. Nazungumzia ng'ombe.

Jirani wa Nairobi:
Ndugu zetu, huku tulianzisha Nyumba Kumi, majirani kulindana, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013, tukiiga kwenu. Katiba ya 2010 ikabadilisha polisi kutoka jeshi kuwa huduma. Juni 2024 vijana waliandamana wakapigwa risasi. Jina la "huduma" halikuwakinga.

Mtu wa Sheria:
Asante kwa hilo. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Chande ilipendekeza hivyohivyo 2023, jeshi la polisi lisukwe upya liwe la kutoa huduma. Ila jina peke yake...

Mlinda Lindo:
Mnakimbilia Kenya na tume. Mleta mada hajanijibu. Nani kibaka?

Mleta mada:
Sikukutaja wewe, kaka. Nimesema kwetu. Pesa ya ulinzi nalipa kila mwezi na sijawahi kuona risiti wala mahesabu. Nikimuuliza mjumbe anasema niende kwa mwenyekiti, mwenyekiti anasema niulize vijana.

Kijana wa Kijiwe:
Hapo sasa. Watu wanalipia amani, hawajui pesa inaingia mfuko gani. Na ulinzi wenyewe bila siri ya mtoa taarifa ni kutembea usiku tu. Mimi ningekuwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ningeanza na askari wa kaunta aliyetoa siri ya yule mama. Aondolewe mbele ya mkutano wa mtaa, watu waone. Hapo ndipo mtapata taarifa.

Mama Wawili:
Ungekuwa OCD ungehamishwa baada ya miezi michache, si ndivyo utafiti unavyosema?

Mlinda Lindo:
Mimi nakubali mahesabu yabandikwe ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, kila mwezi, pamoja na betri tulizonunua. Lakini na majina ya wasiolipa yabandikwe. Kuna nyumba zina magari mawili hazijatoa hata mia.

Mleta mada:
Majina ya wasiolipa mnayataka ya nini? Mwizi akiiona hiyo karatasi atajua nyumba zipi hazilindwi.

Mlinda Lindo:
Tunazilinda zote! Hata yako. Filimbi haichagui geti.

Mtu wa Sheria:
Kuna sheria ndogo ya halmashauri inayoruhusu kumlazimisha mtu kulipa huo mchango? Mwenye nayo aiweke hapa kwanza, kabla hatujabandika jina la mtu.