Lami imefika Dodoma: je, gari la korongo bado ni hitaji au limebaki fahari?

MLETA MADA, NKUHUNGU

Jumapili iliyopita mdogo wangu, mtumishi wa umma aliyehamia hapa wizara zilipohama kutoka Dar es Salaam, aliniuliza mbele ya wageni kwa nini naendelea kumiliki Land Cruiser mkonga ya mwaka 1996, lile gari la porini lenye bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paani, ilhali nyumba yangu iko hatua chache kutoka barabara ya lami. Alinipigia hesabu ya dizeli, akaongeza ya spea, kisha akahitimisha kwamba wenye magari ya aina hii wanapenda kuonekana tu. Wageni waligawanyika na chai ikapoa. Nauleta mjadala huo hapa ili wenye magari haya, wasio nayo na wasiotaka hata kuyasikia waseme wanavyoona.

Nianze kwa kukubali kilicho dhahiri. Dodoma ya leo si ile iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 ikasubiri zaidi ya miaka 40. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, lami imesambaa kila upande. Safari ya Kondoa, ambayo zamani ilikula kutwa nzima na wakati wa kifuku ikawa ya kulala njiani, sasa ni ya saa mbili na kitu. Anayeishi mtaa wa Kisasa na kufanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, anaweza kumaliza mwaka mzima bila tairi zake kugusa tope.

Lakini lami ni uti wa mgongo, na wengi wetu tuna ndugu zetu kwenye mbavu. Ukiiacha barabara kuu ukaelekea magharibi, upande wa Kwa Mtoro wilayani Chemba alikozaliwa mama yangu, unakutana na mambo mawili ambayo mgeni hayaelewi mpaka yamkute. La kwanza ni mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua ikinyesha huganda kwenye tairi hadi kashata zote, yaani meno ya tairi, zikafunikwa na tairi ikabaki duara laini lisiloshika kitu. La pili ni korongo, ule mfereji mpana uliochimbwa na maji, ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu. Mkoa wetu hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi humwagika kwa kishindo cha saa moja au mbili juu ya ardhi ngumu yenye nyasi chache. Unaweza kusimama ukingoni jua likiwaka na mchanga ukiwa mkavu, ukasikia mngurumo kama wa lori, na baada ya dakika chache ukaona maji mekundu yakishuka na magogo, yanayotoka kwenye mvua iliyonyesha mbali usikokuona. Watu wa Kondoa hawahitaji kusimuliwa habari hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouzoea kwa jina la HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yanayala mashamba, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili nyasi zirudi.

Februari, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa kijijini kwa ajili ya palizi. Saa nne usiku mjomba alinigongea dirisha: mke wa binamu yangu alikuwa na uchungu tangu asubuhi, bodaboda ilishindwa kuvuka, na kati yetu na kituo cha afya lilikuwapo korongo ambalo maji yake yalikuwa yamefika kiunoni wakati wa magharibi. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yameshuka hadi chini ya goti. Mjomba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na fimbo ya mgunga akiuchoma mchanga kila baada ya hatua mbili; fimbo ilipozama alisogea kushoto, ilipogoma alinyanyua mkono ili nione. Alipofika ng'ambo alichomeka vijiti viwili kama nguzo za lango, akamulika kwa tochi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi za mbele napunguza upepo, kisha nikazungusha frihabu, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyafanya nayo yavute, kwa vidole, ya kulia halafu ya kushoto, mpaka zikalia. Nikaweka gia ndogo, ile ya nguvu na mwendo wa polepole, nikaingia na namba mbili, na sikugusa klachi wala breki hadi pua ya gari ilipokuwa katikati ya vile vijiti. Nyuma, juu ya godoro, mgonjwa alikuwa ameushika mkono wa mama mkwe wake na hakuna aliyesema neno. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri. Ni wa kike, na sasa anakimbiza kuku.

Dereva wa usiku ule ndiye mnayemwona mnaposema napenda kuonekana. Gari hili halina starehe. Limejengwa bodi juu ya chasisi ya chuma kizito, springi zake za nyuma hukutikisa figo ukiwa huna mzigo, na injini yake ya 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, haina haraka na haina kompyuta. Kwa sababu hiyohiyo linaweza kufunguliwa chini ya mti na mtu mwenye spana na akili. Toyota waliutoa muundo huu mwaka 1984, na vipuri vyake vingi hupatikana mahali ambapo hata soda ya baridi haipatikani. Dereva anayejua kwamba chombo chake kinaweza kupona popote kinapoharibikia huendesha kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaozaa mapenzi.

Ila nikijichunguza kwa dhati, naona kuna kitu kikubwa kuliko injini. Mwenye gari kama hili katika ukoo ni mtu wa kuitwa. Huitwa kwenye uzazi, kwenye msiba, kwenye harusi ya ng'ambo ya mto, na zabibu za mavuno ya Februari na Machi zinapoanza kulainika kwenye kreti huku lori likiwa limenasa kilomita tatu kutoka shambani. Mtu akishazoea kuitwa na kufika, utamtoa kwenye gari hilo kwa shida sana, hata ukimpa jingine lenye viyoyozi viwili. Swali langu kwenu ni hili: je, mapenzi ya namna hiyo yanastahili kuitwa fahari?

MCHANGIAJI WA KWANZA, ILAZO

Ndugu mleta mada, shikamoo, na hongera kwa mtoto yule. Sina neno juu ya usiku ule. Ninalo neno juu ya siku nyingine zote za mwaka.

Mimi naishi Ilazo na kila asubuhi nawavusha watoto wangu wawili barabara kwenda shule. Magari ninayoyaogopa ni haya yenye boneti ya kimo cha kifua cha mtu mzima, yaliyofungwa ngao ya chuma mbele, ambayo dereva wake akikaribia kivuko hamwoni kabisa mtoto wa darasa la kwanza. Gari dogo likimgonga mtu humpiga miguuni. Hili humpiga kifuani na kichwani. Tena urefu unaolisaidia korongoni ndio unaolifanya lipinduke kirahisi dereva anapokata kona ghafla kwa mwendo wa lami. Dizeli sina haja ya kuisema sana, kwa kuwa kila mwezi EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanapotoa bei mpya sote tunazisoma: gari la lita 4.2 linalokwenda kilomita nane au tisa kwa lita ni mzigo kwa familia ya mshahara, na wapo majirani zangu wanaolipa mzigo huo ili kwenda sokoni Majengo na kurudi.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Umesimulia vizuri jinsi mjomba alivyopima mchanga kwa fimbo. Wangapi wanafanya hivyo? Maji yanayokwenda kasi, yakifika kina cha sentimita 60 tu, yanaweza kulibeba gari kubwa, na mkonga ule wa kuvutia hewa juu ya paa huikinga injini isimeze maji lakini hauzuii gari lisisombwe. Kila kifuku tunasikia habari za watu waliosombwa wakivuka, na mara nyingi anayethubutu ni yule aliyeaminishwa na gari lake kwamba linaweza.

Na hatimaye, kila mara mwenye gari gumu anapomvusha mgonjwa, wanaopaswa kujenga kalvati la kupitisha maji chini ya barabara pale wanapumua. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na nadhani kipaumbele hupangwa kwa kuangalia wapi pamekwama. Kijiji chako hakionekani kimekwama, kwa sababu wewe umekikwamua. Naomba utafakari hilo kwa nia njema.

MCHANGIAJI WA PILI, FUNDI WA GEREJI, CHANG'OMBE

Salamu kwenu nyote. Mimi nitasema ninachokiona kazini tu. Akija mteja na gari la four, yaani linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, kabla sijafungua chochote hushika frihabu na kujaribu kuizungusha. Katika magari mengi yanayokaa mjini frihabu imeshikana kwa kutu, grisi imekauka na kuwa kama sabuni ya magadi, na mwenyewe ananiambia hakumbuki alizungusha lini. Wengine hawajui kama ipo. Huyo gari lake ni la korongo kwa sura, na dada wa Ilazo anamsema kwa haki.

Lakini wapo wengine. Yupo mteja wa Mpwapwa ambaye kila Novemba, kabla mvua hazijaanza, huleta gari lake nibadilishe oili ya difu mbili, yaani masanduku ya gia ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nikague beringi za mbele na nipake grisi upya. Difu ikishaingia maji, oili yake hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na usipoimwaga mapema gia zake zinakwisha. Mtu anayeyajua hayo na kuyalipia hanunui sura.

Niongeze kitu kimoja ambacho mjadala umekiruka. Wengi wanadhani gari la porini lazima liwe kubwa. Suzuki Jimny ile ndogo ina chasisi yake, ina gia ndogo, na kwa wepesi wake hupita juu ya mchanga mahali ambapo gari la tani mbili linazama. Haiwezi kubeba maiti na waombolezaji kumi, hilo ni kweli. Lakini kwa mwalimu au bwana shamba anayekwenda peke yake, inatosha, na inakunywa mafuta ya kiasi.

MLETA MADA

Nawashukuru, hasa dada wa Ilazo, kwa sababu amenijibu bila kunibeza na amenifanya nikae na maneno yake siku mbili.

Kuhusu watoto barabarani sina la kubisha. Ngao ya chuma niliyoikuta kwenye gari langu ilifungwa na mmiliki wa kwanza kwa ajili ya ng'ombe wa usiku, na huku mjini hakuna ng'ombe wa usiku. Nitaifungua. Kwa mizunguko ya mjini nimekubaliana na mke wangu kwamba tutatumia gari lake dogo, na mkonga ubaki kwa safari za kijijini na mizigo. Fundi naye amenisaidia kuuona mstari ambao mdogo wangu na mimi hatukuuona siku ile: tofauti iko kwenye frihabu. Mwenye kuizungusha anajua alichonunua.

Ninapokataa ni kwenye hoja ya kalvati, ingawa naiheshimu. Dada anasema ninawapumzisha wenye wajibu. Pale korongoni kwetu, watu wa kwanza waliokwenda kusimama mbele ya diwani wakiwa na picha za maji na tarehe za kila siku njia ilipofungwa ni wenye magari, maana ndio wanaolijua korongo kwa kulivuka na ndio waliokuwa na njia ya kufika mjini msimu wa mvua kulalamika. Asiyeweza kutoka kijijini hasikiki. Wala siamini kwamba mama mwenye uchungu anapaswa kusubiri upande wa pili ili takwimu za kukwama zionekane vizuri. Na najua dada hakumaanisha hivyo, ila hoja ikivutwa hadi mwisho wake inafika hapo. Siku kalvati litakapojengwa nitafurahi kuliko mtu yeyote, na ninadhani siku hiyo nitauza gari, japo nikisema hivi moyo unakataa.

Kuhusu maji yanayobeba magari, hapo ameniamsha. Mjomba ana miaka 71 na fimbo yake haitakuwapo siku zote, na vijana wa pale wameanza kununua magari ya namna hii wakiwa hawajawahi kuvua viatu kupima mchanga. Wiki iliyopita nilikwenda kijijini nikiwa na kopo la rangi nyekundu. Ukingoni mwa lile korongo kuna mgunga mkubwa ambao shina lake huguswa na maji yakijaa. Mjomba alisimama ndani ya korongo, mahali tunapovukia, akaonyesha kwa kiganja usawa wa goti lake, nasi tukaunyoosha kwa kamba hadi kwenye shina na kupaka mstari wa upana wa mkono. Maji yakifika pale, hakuna gari linaloingia, langu likiwa la kwanza kuzuiwa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo na ameahidi kulitangaza kwenye mkutano ujao.