Utamu wa kusoma tamthilia ya Kitelugu

Swali (Jinja): Ndugu zangu, nimesoma tafsiri ya Kanyasulkam, tamthilia ya Gurajada Apparao kwa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1892, nikacheka peke yangu hadi usiku wa manane. Ni nini kinachoifanya ipendeze hata bila jukwaa?

Jibu (Mbale): Ni lugha, ndugu yangu. Mwandishi aliacha Kitelugu cha vitabuni akawapa wahusika maneno ya nyumbani na sokoni, hivyo hata ukisoma kimya unamsikia Girisam, mmoja wa wahusika, akijigamba kwa Kiingereza mbele ya mwanafunzi wake.

Jibu (Kampala): Mimi namwongeza mhusika Madhuravani, mwanamke anayedharauliwa lakini mwenye busara kuliko wanaume wanaomzunguka. Mabinti wadogo kuozwa wazee kwa fedha, kama tamthilia inavyoonyesha, kunaniuma, kwa kuwa hata huku kwetu nimeshuhudia mahari ikipiganiwa kama bei ya ng'ombe.