Lancia Stratos Zero: ilibadilisha magari, au ni mbwembwe tu?

Mtoa mada: Wakuu, kila anayeisifia Stratos Zero, lile gari la maonyesho la Lancia ya Italia, husema ndiyo iliyobadilisha sura ya magari ya michezo. Mimi sikubali.

Ilioneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Torino mwaka 1970, mchoro wa Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya kubuni magari. Kimo sentimita 84, chini ya kiuno cha mtu mzima. Milango haina: unainua kioo cha mbele, unakanyaga pua ya gari, unajilaza ndani kama unapanda kitanda. Inavutia, sikatai. Lakini umbo la kabari Gandini alishalichora mwaka 1968 kwenye Alfa Romeo Carabo, na ile milango ya kupanda juu tuliyokuja kuiona kwenye Lamborghini Countach. Heshima apewe Carabo.

Mchangiaji wa kwanza: Umesahau geti, mkuu. Nuccio Bertone, mwenye kampuni, aliiendesha Zero mwenyewe mpaka kwa Lancia, akapita chini ya kizuizi cha getini bila kungoja kifunguliwe. Akapewa kazi ya gari la rali. Gari hilo, Stratos HF, likabeba ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976. Mbwembwe gani hizo zenye makombe matatu?

Mtoa mada: Ziweke picha zao pamoja uone. HF ina milango ya kawaida, kioo kilichopinda, na injini ya V6 ya Ferrari Dino. Zero ilikuwa na injini ya V4 ya lita 1.6 ya Fulvia, gari jingine la Lancia. Kilichovuka ni jina, na injini kukaa nyuma ya dereva. Bodi haikuvuka. Zero ilikuwa barua ya kuomba kazi, basi.

Mchangiaji kutoka Nakuru: Hata hayo makombe, Safari Rally haimo. 1975 madereva wa Lancia, Munari alimaliza wa pili na Waldegård wa tatu, wote na Stratos, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. 504! Gari la kubebea wazee kanisani.

Fundi bodi: Nyie mnabishana mbio. Tazameni barabarani. Lotus Esprit na DeLorean, zote za mchoraji Giugiaro, ni kabari. Gandini mwenyewe akaipeleka mistari iliyonyooka kwenye Citroën BX ya 1982, gari la familia. Nawaambia kama mtu wa puti na msasa: bati bapa halina huruma. Kwenye bodi ya mviringo kosa dogo linajificha, kwenye bapa linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Aliyethubutu kuchora gari zima hivyo aliwapa wengine ujasiri.

Mtoa mada: Fundi, hapo kwenye ujasiri umenibana kidogo. Ila BX ni sifa ya Gandini, na Giugiaro alikuwa na penseli yake. Bado naomba mtu anioneshe mstari mmoja, mmoja tu, uliotoka kwenye Zero yenyewe ukaingia kwenye gari la kuuzwa dukani.