Mjadala: Formula 1 ya zamani iliua kwa kasi, au kwa uzembe wa waandaaji?

KOKOTO (mtoa mada)

Filamu za makala kuhusu mbio za magari za Formula 1 za miaka ya 1960 na 1970 zinafanana sana. Dereva kijana anatabasamu, mkewe ameshika saa ya kupimia mizunguko, kisha moshi mweusi, kisha jeneza. Msimulizi anatuambia hawa walikuwa wanaume wasioogopa kifo. Mtazamaji anaondoka akiamini kasi ndiyo iliyowaua.

Napinga. Kasi ilianzisha ajali. Kilichoua, mara nyingi mno, ni kitu ambacho watu wachache wenye spana na mitungi ya kuzimia moto wangekiondoa kabla ya Jumapili.

Monaco 1967. Lorenzo Bandini aligonga kizuizi kwenye kona ya zigizaga ya bandarini, Ferrari yake ikapinduka na kuwaka. Pembeni ya njia palikuwa na marobota ya nyasi kavu, yamewekwa kupunguza kishindo. Nyasi zikashika moto, na moto ukamzingira. Alifariki siku tatu baadaye. Marobota yale hayakuletwa na kasi, yalibebwa na watu wakayapanga pale.

Zandvoort, Uholanzi, 29 Julai 1973. Gari la Roger Williamson lilipinduka, yeye akiwa hai chini yake. David Purley alisimamisha gari lake, akavuka njia, akajaribu kulipindua gari linalowaka kwa mikono mitupu. Alipata mtungi mmoja wa kuzimia moto, akaumaliza. Wasimamizi wa kona hawakuwa na nguo za kukinga moto, kwa hiyo hawakuweza kukaribia. Madereva waliopita walimwona Purley amesimama wakadhani ndiye mwenye gari, yaani ameshatoka salama. Mbio hazikusimamishwa. Gari la zimamoto lilichukua takriban dakika 8. Williamson alikosa hewa akafa. Hesabu mwenyewe: nguo mbili za kukinga moto, mitungi mitatu, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio. Hapo dereva gani alikosa ujasiri?

Na Montjuïc, Barcelona, 1975. Madereva walikagua vizuizi vya chuma wakakuta bolti zimelegea na nyingine hazipo kabisa. Wakagoma. Mafundi wa timu wenyewe wakaingia njiani kukaza nati, kazi ambayo haikuwa yao. Emerson Fittipaldi hakuridhika, akaondoka. Mbio zikaendeshwa, bawa la nyuma la gari la Rolf Stommelen likakatika, gari likaruka kizuizi na kuua watu waliokuwa ng'ambo yake.

NYUZI ZA KABONI

Mkuu Kokoto, mifano yako ni ya kweli ila umechagua ile inayokubeba. Hata Montjuïc umeipita haraka: bolti zilikazwa, lakini kilichokatika ni bawa. Hilo halikutengenezwa na mwandaaji, lilitengenezwa na mjenzi wa gari. Na njia ileile, miaka sita nyuma, mwaka 1969, mabawa marefu ya magari ya timu ya Lotus yalivunjika kwa madereva wake Graham Hill na Jochen Rindt katika mbio zilezile. Yalisimama juu ya nguzo nyembamba zilizoshikwa kwenye sasipensheni. Yakapigwa marufuku Monaco, mbio zilizofuata.

Rindt mwenyewe alikufa Monza, Septemba 1970. Shafti ya breki ya mbele kulia ilikatika. Kizuizi kilikuwa kimefungwa vibaya, nakubali, hapo una nusu ya hoja. Nusu ya pili ni kwamba hakuwa amefunga mikanda ya kati ya mapaja, kwa sababu alitaka kutoka haraka moto ukitokea. Gari lilipogonga aliteleza chini ya mkanda, na kifungio kikamkata shingo. Uoga wa moto ulimfanya aache kinga ya mgongano. Huwezi kutenganisha vitu hivi.

Halafu kuna Rouen 1968. Honda walileta RA302 yenye mwili wa magnesi. Dereva wao John Surtees aliijaribu akakataa kushindana nayo. Akapewa dereva mwingine, Jo Schlesser. Ilipinduka kwenye mvua ikawaka, na magnesi ikishawaka, maji huuzidisha moto. Hapo unamlaumu mwandaaji kwa lipi?

Na kasi usiitoe kwenye hesabu. Gari lililo kwenye 200 km/h likisimama ndani ya mita 2, mwili hupata wastani wa takriban 79 G, yaani nguvu mara 79 ya uzito wake. Likisimama ndani ya mita 4, inashuka hadi 39. Ndiyo kazi ya ukuta wa matairi na ya pua ya gari inayobonyea: kununua hizo mita. Sasa ongeza kasi mara mbili, unahitaji umbali mara nne. Magari yaliongezwa kasi kila msimu, wakati mlima na miti ilibaki palepale. Dereva Jim Clark alipotoka njiani Hockenheim, Aprili 1968, kilichomsubiri ni miti.

BENDERA YA NJANO

Mnabishana kuhusu waliokaa kwenye usukani tu.

Kyalami, Afrika Kusini, 5 Machi 1977. Gari moja limesimama kando likitoa moshi kidogo. Kijana wa miaka 19, Frederik Jansen van Vuuren, anavuka njia na mtungi wa kuzimia moto mkononi, mahali ambapo kuna mgongo wa barabara unaomzuia dereva kuona mbele. Dereva Tom Pryce anatokea. Kijana anakufa papo hapo, mtungi unampiga Pryce kichwani, naye anakufa. Mtungi ulikuwepo, moto ulikuwa mdogo, dereva hakukosea. Kilichokosekana ni utaratibu: nani anaruhusu mtu kuvuka, na kwa ishara gani.

Monza 2000, Paolo Gislimberti wa zimamoto aliuawa na gurudumu lililochomoka. Melbourne 2001, Graham Beveridge, mtu wa kujitolea, vivyo hivyo. Wakati huo kamba za kushikilia magurudumu zilikuwa tayari ni lazima kwa kanuni, na hazikutosha, ikabidi ziimarishwe. Filamu nyingi zinamalizia Imola 1994, alipokufa Ayrton Senna, kana kwamba hapo kifo kilifungiwa mlango.

KOKOTO

Bendera, umeniongezea nguvu, si umenipunguzia. Utaratibu wa kuvuka njia ni kazi ya mwandaaji.

Nyuzi, nakupa Rouen. Lakini angalia mabadiliko yalianza wapi. Spa 1966, mvua, gari la dereva Jackie Stewart limeharibika karibu na shamba, usukani umembana, petroli inamwagika juu ya nguo zake. Madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant walimtoa kwa spana waliyoazima kwa mtazamaji. Kwa mtazamaji! Baada ya hapo Stewart aliendesha na spana imefungwa kwa utepe ndani ya gari. Hakungoja mhandisi. Alidai vizuizi, madaktari, mikanda, na mwaka 1969 madereva wakakataa Spa. Mwaka 1970 wakakataa Nürburgring, mbio za Ujerumani zikahamia Hockenheim. Hakuna aliyewaletea hayo kwenye sahani.

MTAA WA TATU

Ila madereva walewale, mwaka 1976, mwenzao Niki Lauda alipowaita wapige kura kuisusia Nürburgring, walimkatalia. Siku ya mbio, 1 Agosti, ni yeye aliyeungua. Njia ina kilomita 22.8, hakuna idadi ya zimamoto inayoweza kuilinda, na waliomvuta kutoka motoni walikuwa madereva wenzake: Merzario, Edwards, Lunger na Ertl. Kwa hiyo "madereva dhidi ya waandaaji" si picha kamili.

Na swali la usalama kwa ujumla lina sura nyingine ukija huku kwetu. Safari Rally hadi 2002 iliendeshwa kwenye barabara zilizo wazi kwa magari mengine, na timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na malori. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, vipande vya mashindano karibu na Naivasha vilifungwa. Wapo wanaosema iliyorudi si Safari. Binafsi naona kufunga barabara ndiyo kinga ya kwanza, kabla ya bolti yoyote.

NYUZI ZA KABONI

Mgomo unaondoa njia mbaya kwenye kalenda. Haumzuii dereva kufa kwenye njia nzuri. Hapo ndipo gari lenyewe linaingia.

Mwaka 1981 mhandisi John Barnard alileta gari la McLaren MP4/1, bodi ya nyuzi za kaboni. Wengi walidai itapasuka kama chungu. Mwaka huohuo, Monza, dereva John Watson aliigonga kiasi cha injini kung'oka, akatoka akitembea. Tangu 1982, alipofariki Riccardo Paletti Montreal, hadi 1994, hakuna dereva aliyekufa kwenye wikendi ya Formula 1. Dereva Elio de Angelis alikufa 1986, kwenye majaribio. Miaka 12 watu wakaridhika. Kisha Imola: Roland Ratzenberger alikufa Jumamosi, Senna Jumapili. Kilichomuua Senna ni kipande cha sasipensheni kilichopenya helmeti. Baada yake kikaundwa kikundi cha wataalamu chini ya Profesa Sid Watkins, daktari, na tangu hapo hoja zikaanza kutoka kwenye vipimo vya mgongano badala ya mabishano. Kingo za gari pembeni ya kichwa cha dereva zikainuliwa 1996. HANS, kifaa cha kushikilia kichwa na shingo, ikawa lazima 2003, na sababu yake ni hesabu rahisi: kichwa na helmeti ni kilo 6 hivi, kwenye 60 G vinavuta shingo kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 360. Mkanda umeshika mabega, hakuna kilichoshika kichwa.

Halo, upinde wa kinga juu ya kichwa cha dereva, ilipoletwa 2018 ilitukanwa mno. Inaziba sura, inaua utamu, dereva hataweza kutoka. Sasa tazama Bahrain, 29 Novemba 2020. Dereva Romain Grosjean aligonga kwa 192 km/h, kipimo kikasoma 67 G. Gari likakatika vipande viwili, likapenya katikati ya kizuizi cha chuma. Halo ndiyo iliyosukuma chuma kile mbali na kichwa chake. Alikuwa nje ya moto baada ya sekunde 27, mguu wa kushoto ukiwa ulinaswa kwanza, akaacha kiatu ndani.

Lakini usiishie kwenye halo kama magazeti. Mambo mawili yalishindwa upande wa petroli: kifuniko cha ukaguzi cha tanki upande wa kushoto kilibanduka, na kiungio cha bomba liendalo kwenye injini kiling'oka kwenye mfuko wa tanki. Tanki halikupasuka, viungio ndivyo viliachia. Mambo yaliyofanikiwa nayo hayakuwa moja: gari la daktari lilikuwa nyuma ya msafara mzunguko wa kwanza, kama ilivyo desturi tangu kifo cha Ronnie Peterson wa Monza 1978, na Dk. Ian Roberts alikuwa ukingoni mwa moto kabla Grosjean hajaruka. Fikiria Williamson, dakika 8.

KOKOTO

Umetaja mwenyewe kizuizi kilichopasuka. Mwaka 2020, kwenye njia ya kisasa, kizuizi cha chuma kimewekwa kwa pembe inayopokea pua ya gari badala ya ubavu wake. Chuma kile kimeundwa kupokea gari linaloteleza sambamba nacho. Likija moja kwa moja, pua inaingia kati ya tabaka kama kisu. Vizuizi vya chuma ndivyo vilivyowaua madereva Cevert 1973 na Koinigg 1974, wote kwenye njia ya Watkins Glen, Marekani. Miaka 46 kati ya Koinigg na Grosjean, na kosa ni la ukoo mmoja. Halo ilimwokoa mtu kutokana na kazi ya mwandaaji.

NYUZI ZA KABONI

Hilo la pembe nalikubali bila kinyongo. Bado nasema usijenge usalama juu ya kudhani kizuizi kitakuwa sawa.

BENDERA YA NJANO

Basi nileteeni jibu la hili. Suzuka, Japani, 5 Oktoba 2014, mvua, bendera mbili za njano, ishara ya hatari, zikipepea, dereva Jules Bianchi aliteleza akaingia chini ya mashine iliyokuwa ikiondoa gari jingine. Alifariki Julai 2015. Likaletwa "gari la usalama" la kielektroniki, yaani amri inayowalazimisha wote kupunguza mwendo kwa kipimo kilekile bila gari lolote kuingia njiani. Miaka minane baadaye, Suzuka ileile, Oktoba 2022, mvua ileile, Pierre Gasly alipita kando ya trekta la kuinulia magari lililokuwa tayari njiani, gari la usalama lenyewe, linaloongoza msafara polepole, likiwa limetoka, wakati haoni mita chache mbele yake. Hapakuwa na bolti iliyolegea wala kasi ya kishujaa, na nyuzi za kaboni na halo vilikuwepo. Mtu mmoja kwenye chumba cha uongozi aliruhusu mashine kuingia kabla magari yote hayajakusanyika nyuma ya gari la usalama.