"SI IMEFIKA?" Hawa wa kaunta ya mizigo ya ndege wametuchoka kweli

Mnyororo Mkavu:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Wale jamaa siwataji, mnawajua. Aliyewahi kuwakabidhi baiskeli hata mara moja anawajua.

Begi limeletwa limelazwa upande wa gia, juu yake masanduku matatu, moja zito kama limebeba jiwe la kusagia. Nafungua zipu palepale: sikio la gia, kile kichuma kinachoishikilia gia ya nyuma kwenye fremu, limepinda, gia yenyewe inataka kuingia kwenye spoki. Namwita mhusika. Anaitazama baiskeli, ananitazama mimi, anasema: "Si imefika?"

SI IMEFIKA? Hata maiti hufika!

Na msiniambie sikufunga vizuri. Pedeli nje, usukani umefunguliwa na kufungwa ubavuni mwa fremu, kila gurudumu kwenye mfuko wake, ekseli zimechomolewa. Kwenye foki, ule uma wa gurudumu la mbele, kuna kipande cha plastiki cha milimita 100 ili miguu yake isibanwe. Kati ya pedi za breki kuna kadibodi, maana mtu akigusa breki bila diski kuwepo, pistoni zinafunga na utazipanua kwa tabu. Mishale ya kuonyesha juu ni wapi imebandikwa pande zote mbili, mikubwa kuliko bango la mgombea. Wamelaza. Wamepakia. Halafu "si imefika?"

Pedeli Kushoto:
Pole mkuu. Hao hata ukiwapa yai watakurudishia chapati, na watauliza kama hujashiba.

Fundi Spoki:
Mkuu, nimesoma orodha yako mara mbili. Gia ya nyuma uliiacha imefungwa kwenye fremu?

Mnyororo Mkavu:
Iliachwa, ndiyo, lakini ndani ya sponji ya sentimita mbili!

Fundi Spoki:
Basi hapo umejichongea. Sponji inazuia mkwaruzo, haizuii uzito. Begi la kitambaa halina mbavu. Likilazwa upande wa kulia, kinachobeba masanduku yote ni gia ya nyuma, na sikio lake ni alumini laini iliyowekwa ipinde kabla fremu haijaumia. Ingiza mnyororo kwenye gia ndogo kabisa, toa gurudumu, fungua boliti ya gia kwa aleni namba 5, iache ining'inie kwenye waya wake, izungushie kitambaa, ifunge ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Dakika tatu. Pale nyuma nako weka kipande cha kutanua kama ulivyofanya kwenye foki: milimita 130, 135 au 142 kulingana na habu yako, yaani kitovu cha gurudumu. Diski za breki nazo zitoe, boliti sita za T25 (vichwa vya nyota), zilaze katikati ya kadibodi mbili. Diski iliyopinda italia njia nzima.

Mnyororo Mkavu:
Sijaomba somo la gia! Nimesema mtu mzima, mwenye kitambulisho shingoni, ameona chuma kimepinda akasema SI IMEFIKA!

Mama Gia:
Mdogo wangu, hasira baadaye, karatasi kwanza. Umejaza fomu ya mzigo ulioharibika kabla hujatoka uwanjani? Kwa safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi. Zikipita, umekwisha. Kikomo cha fidia ni SDR (kipimo cha fedha cha IMF) 1,519 kwa abiria tangu mwisho wa Desemba 2024, kama dola 2,000 hivi. Piga picha ya begi, lebo, sikio na mishale yako. Na siku nyingine wakikupa lebo ya kusaini kwamba mzigo umefungwa vibaya, isome kabla ya kutia kalamu.

Na usiipande hivyo. Ukiingiza gia nyepesi mlimani, itanaswa na spoki, upoteze gia, gurudumu na meno.

Kadibodi FC:
Ndiyo maana mimi ni boksi la duka la baiskeli tu, la bure. Begi la sponji peke yake kilo 7 hadi 9, baiskeli kilo 10, na kikomo mara nyingi ni 23. Nguo utavaa zote mwilini?

Pedeli Kushoto:
Boksi likinyeshewa linakuwa uji, baba. Nunua zile sponji nyeusi za mabomba ya AC, zipasue, zivishe mirija yote ya fremu. Nyepesi na bei ndogo.

Kadibodi FC:
Begi lina vimagurudumu viwili vya kuchezea. Kimoja kikivunjika unabeba jeneza peke yako.

Tyubu Tupu:
Mimi wamenichukulia vile vichupa vidogo vya gesi ya kujazia tairi! Nani alisema ni bomu?

Mama Gia:
Hivyo vinahitaji kibali cha shirika, na mengi yanakataa. Beba pampu ya mkono. Betri ya baiskeli ya umeme ndiyo usijaribu kabisa: mwisho ni Wh 160 (saa-wati, ujazo wa betri) kwa kibali, na nyingi zina 400 kwenda juu.

Mnyororo Mkavu:
Jamani. SI IMEFIKA. Hakuna anayeliona hilo neno?

Tyubu Tupu:
Tumeliona, mkuu. Lakini wa ndege angalau ana kaunta. Kondakta wa basi anakulipisha kama abiria, anaitupa juu ya keria, anaikaza kwa mpira upande uleule wa gia, kisha anaweka matenga ya nyanya juu yake.

Kadibodi FC:
Na nyanya zikipasuka zinaingia kwenye mnyororo. Njia ya Mbeya hiyo?

Tyubu Tupu:
Tanga. Na nyanya nilidaiwa mimi.

Pedeli Kushoto:
Ulidaiwa tenga zima au zilizopasuka tu?